UZI: Kabla hujauliza "nichukue wagonjwa wangapi", uliza watakufa wangapi

#1 Karabai

Habari za jioni wakuu.

Nipo Kirumba hapa Mwanza, umeme umekatika, kompyuta ina chaji ya saa mbili hivi, nitaandika mpaka izime. Kazi yangu ni takwimu za majaribio ya tiba. Sio daktari, msiniulize dozi. Mimi ni yule mtu wa chumba cha nyuma anayeletewa faili la Excel limechafuka na kuambiwa "tunaomba p kabla ya Ijumaa", yaani ile namba ya kupima kama tofauti iliyoonekana inaweza kuwa ni bahati tu.

Juzi kanijia daktari kijana, anasoma uzamili, na wazo lake zuri kabisa. Wagonjwa wa VVU waliolazwa wakiwa hoi, siku wanaporuhusiwa kwenda nyumbani, nusu wafuatiliwe kama kawaida, nusu nyingine wapigiwe simu na kutembelewa. Kisha aangalie nani yuko hai baada ya miezi 12. Swali lake likawa lile lile la wote: "Kaka, nichukue wangapi? Mimi nimefikiria 120."

Nikamuuliza, kati ya hao 120 unatarajia wafe wangapi? Akaniangalia kama nimemtukana mama yake.

Sasa tuelewane. Kwenye jaribio linalopima muda mpaka kifo, nguvu ya utafiti inatoka kwenye vifo vilivyotokea. Idadi ya watu waliosaini ridhaa haikupi nguvu hiyo. Unaweza kuandikisha watu 5,000 wenye afya zao, wakafa 9, ukarudi nyumbani na vifo 9. Hiyo ndiyo sampuli yako.

Kanuni yake ni fupi, David Schoenfeld aliiandika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ukigawa watu nusu kwa nusu, ukataka nafasi ya 80 kati ya 100 ya kuiona tofauti kama ipo kweli, na ukakubali hatari ya 5 kati ya 100 ya kudanganyika kama haipo, vifo unavyohitaji ni 31.4 ugawe kwa mraba wa logi asilia ya uwiano wa hatari (hatari ya kufa ya kundi moja ugawe kwa ya kundi lingine). Basi. Hamna siri nyingine.

Tuiweke kwa mdogo wangu. Anasema kwa njia ya kawaida hufa 30 kati ya 100 ndani ya mwaka, na kwa njia yake anategemea wafe 22. Wengi hapo wanagawa 22 kwa 30 wanapata 0.73. Hapana. Chukua walio hai: logi ya 0.78 ugawe kwa logi ya 0.70, unapata 0.70 kasoro kidogo. Huo ndio uwiano wa hatari. Logi ya 0.70 ukiipiga mraba ni 0.127. Gawa 31.4 kwa hiyo: vifo 247.

Vifo 247, wakuu. Wastani wa makundi mawili ni vifo 26 kwa kila watu 100, kwa hiyo anahitaji watu 950. Na wakipotea 10 kati ya 100, unagawa 950 kwa 0.9 (usiongeze asilimia 10 juu yake, hayo ni makosa niliyoyaona mpaka kwenye protokali, yaani mipango ya utafiti, zilizopitishwa), unapata kama 1,056.

Yeye ana 120. Vifo 31. Nafasi ya kuiona tofauti anayoitafuta, hata kama ipo kabisa: 17 kati ya 100. Ili vifo 31 vitoshe, simu zake zingetakiwa kupunguza hatari ya kufa kwa zaidi ya asilimia 60. Hakuna simu ya namna hiyo, hata iwe ya bei gani.

Nimemwambia hivyo, akaondoka kimya bila kumaliza soda. Nimejisikia vibaya, ndiyo maana naandika. Karibuni mnipinge.

#2 Sangara Mbishi

Naweka kambi hapa. Watu wa Mwanza mmeanza kuhesabu maiti kabla hazijafa.

#3 jiwe_la_bismarck

Mkuu Karabai, mimi ni mtu wa ujenzi, nondo na zege. Sijaelewa kwa nini mnajipa kazi. Subiri mwaka uishe, hesabu waliokufa kila upande, toa asilimia, linganisha. Waliopotea watupe nje, hawana habari. Huo muda mpaka kifo unaongeza nini?

#4 Karabai

jiwe, swali zuri. Chukulia umekaa Capri Point usiku, unaangalia ziwani, kuna mitumbwi 10 ya dagaa na kila mmoja una karabai lake. Unataka kujua karabai linawaka kwa muda gani. Una saa 8.

Saa ya pili, moja linazimika. Waliobaki ni 9 kati ya 10: 0.90.
Saa ya tatu mitumbwi miwili inapita nyuma ya kisiwa, huioni tena. Hayajazimika mbele ya macho yako. Umebaki na 7.
Saa ya tano moja linazimika. Sita kati ya saba. 0.90 mara 6/7 ni 0.77.
Saa ya sita mwingine unapita nyuma ya kisiwa. Umebaki na 5.
Saa ya nane moja linazimika. 0.77 mara 4/5 ni 0.62.

Kwa hiyo nafasi ya karabai kufika saa 8 likiwaka ni kama 62 kati ya 100.

Sasa fanya ya kwako, watupe waliopita nyuma ya kisiwa: 4 kati ya 7, asilimia 57. Umewapunja, maana yale matatu yaliwaka masaa kadhaa ukiyaona, na wewe umeyafuta kama hayakuwahi kuwepo. Mwingine atasema waliojificha tuwahesabu wanawaka: 7 kati ya 10, asilimia 70. Huyo naye kajipendelea. Taa ni zile zile, ziwa ni lile lile, majibu matatu.

Hiyo ngazi niliyoishuka ndiyo Kaplan na Meier waliyoichapisha 1958. Yule aliyepita nyuma ya kisiwa sisi tunamwita aliyekatwa: unajua alikuwa hai mpaka siku fulani, baada ya hapo hujui. Anachangia muda wake wote uliouona, kisha anatoka kwa adabu kwenye hesabu.

#5 Mama Furu

Wewe Karabai ni wa lini? Mimi nanunua dagaa Mwaloni, mitumbwi siku hizi inatumia taa za betri na sola. Karabai limebaki jina lako.

Halafu unaangalia usiku gani? Kama mwezi ni mkubwa hutaona hata taa moja. Dagaa hawafuati taa kukiwa na mbalamwezi, wavuvi wanalala nchi kavu.

#6 Karabai

Mama, shikamoo. Nimekubali, babu yangu ndiye aliyekuwa na karabai. Hesabu ibaki.

#7 jiwe_la_bismarck

Nimekuelewa hadi nimeogopa. Lakini kuna kitu. Umedhani waliopita nyuma ya kisiwa taa zao zinaendelea kama za wengine. Je kama nahodha kaona taa inaanza kufifia, ndiyo maana kageuza akakimbilia ufukweni?

#8 Karabai

Mkuu, wewe zege unaliacha lini? Njoo kwetu.

Hapo ndipo majaribio yanapofia. Ngazi ya Kaplan na Meier ni ya kweli kwa sharti moja: kupotea kwako kusiwe na uhusiano na kufa kwako. Na kwenye VVU sharti hilo halitimii. Kuna uchambuzi wa 2009 uliokusanya tafiti za nchi zenye kipato kidogo. Wagonjwa wa ARV waliokuwa wamepotea kliniki walitafutwa, na kwa wale waliopatikana habari zao, karibu 40 kati ya 100 walikuwa wameshakufa. Kwenye rejista wanaandikwa "amepotea", wakati wengi wamezikwa.

Nisimulie la aibu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye utafiti mmoja, sitautaja, na sehemu ya kosa ni yangu. Nimeletewa data, nachora ngazi, inashuka vizuri, mwishoni inatulia kama meza. Nikafurahi, dawa inafanya kazi. Usiku nikakosa usingizi, nikaamka kupanga safu ya "tarehe ya mwisho kuonekana hai". Watu thelathini na kitu wana tarehe moja, siku tuliyofunga data. Siku moja, wote! Kijana wa kuingiza data aliona kisanduku kitupu, fomu ikawa inamkatalia kuendelea, akajaza tarehe ya siku ile ili apite. Mtu aliyeonekana mara ya mwisho mwezi wa pili wa ufuatiliaji, kwenye faili langu alikuwa hai miezi 12 kamili. Fomu ile niliitengeneza mimi. Ndiyo iliyomlazimisha.

Tangu hapo, kabla ya kuchora chochote, napanga ile safu kwanza na kuangalia kama kuna tarehe inajirudia.

#9 Sangara Mbishi

Sawa, mmefurahi na taa zenu. Mimi niulize la mtaani. Kama kundi moja linakufa zaidi na nyie mnaona, mnaendelea kusubiri vifo vifike 247 ili p iwe nzuri? Hiyo ni sayansi au ni roho mbaya? Mgonjwa ni shangazi yangu, sio mtumbwi.

#10 Karabai

Swali lako ni la haki, nitalijibu bila kukupamba.

Sisi hatuoni. Mimi ninayechambua, daktari anayetibu, wote tunafungwa macho kwa makundi kadiri inavyowezekana. Anayeona ni kamati huru ya usalama na data: mtakwimu mmoja au wawili, madaktari wasio na mkono kwenye utafiti. Wanakutana vifo vikifika idadi iliyoandikwa kwenye protokali, mathalani nusu. Wana mamlaka ya kupendekeza jaribio lisimame.

Mfano ni wa jirani hapo ng'ambo ya ziwa. Uganda na Afrika Kusini walifanya jaribio liitwalo COAT, wagonjwa wa VVU wenye homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Swali: ARV zianze ndani ya wiki moja au mbili, au zisubiri wiki 5? Ukiniuliza mimi ningesema anza haraka, kila mtu angesema hivyo. Lilipangwa kwa watu 500. Walipofika 177 kamati ikasimamisha uandikishaji. Ndani ya wiki 26 walikufa 45 kati ya 100 kwa walioanza mapema, na 30 kati ya 100 kwa waliosubiri. Huruma ya haraka ilikuwa inaua. Bila jaribio tungeendelea kuitoa kwa moyo mweupe.

Sasa kwa nini kamati isichungulie kila wiki? Kwa sababu ukichungulia mara nyingi bahati itakuchezea. Ukipima mara 5 kwa kipimo cha 0.05 kila mara, nafasi ya kudanganyika si 5 tena, ni kama 14 kati ya 100. Ukipima mara 10, ni 19. Ni kama mchezaji wa karata anayedai mchezo uishe kila akiwa mbele. Ndiyo maana O'Brien na Fleming mwaka 1979 walitoa mpaka mkali mwanzoni na mlegevu mwishoni. Ukichungulia mara moja katikati, p lazima iwe chini ya kama 0.005 ndipo usimame; mwishoni unabaki na 0.048, yaani umelipa kidogo sana.

Lakini mpaka huo ni wa kusimama kwa sababu dawa mpya ni nzuri. Ikionekana inadhuru, kamati haingoji namba iwe safi hivyo. Shangazi yako hasubirishwi.

#11 Sangara Mbishi

Sijaridhika ila nimepunguza hasira. Endelea.

#12 bintisengerema

Wakuu nami niongeze. Mwanza tuna historia hii, vijana wengi hawaijui. Jaribio la magonjwa ya zinaa lililochapishwa 1995 kwenye The Lancet lilifanyika huku kwetu vijijini. Kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya kukapunguza maambukizi mapya ya VVU kwa kama asilimia 40. Nilifundishwa darasani kwamba walikuwa watu zaidi ya 12,000. Karabai, hapo nguvu ni watu 12,000 au maambukizi mapya?

#13 Karabai

Hapo wala sio watu, dada. Walichogawanya kwa kura ni jamii 12, jozi 6. Kijiji chenye kituo bora wote wanapata huduma bora, kwa hiyo wanafanana wao kwa wao. Ukihesabu kila mtu kama yuko peke yake unajidanganya. Uzito mkubwa uko kwenye zile jozi 6. Lile jaribio lilikuwa na ujasiri, na lilikuwa na bahati ya kupangwa vizuri.

Ila kwa uzi huu nawapa jingine la hapa hapa, ambalo halisemwi sana kwa sababu jibu lake lilikuwa "hapana". NUSTART, Mwanza na Lusaka. Watu 1,815 wenye VVU, wamekonda sana, wanaanza ARV. Wote wakapewa lishe ya ziada, nusu yao ikiwa na vitamini na madini kwa wingi. Kipimo kikuu: kifo, tangu kuandikishwa hadi wiki 12 za ARV. Walikufa 181 upande wa lishe tupu, 184 upande wa vitamini. Ukizingatia na muda ambao kila upande ulifuatiliwa, uwiano ni 0.99, na mipaka yake (pale jibu la kweli linapoweza kuwa) 0.80 hadi 1.21.

Jumlisha vifo: 365. Chukua 2 ugawe kwa kipeuo cha pili cha 365, zidisha kwa 1.96, unapata kama 0.205 kila upande, kwa kipimo cha logi. Mipaka ya 0.80 na 1.21 inatoka hapo hapo, kwenye vifo peke yake. Hukuhitaji kujua watu walikuwa 1,815! Na kwa vile mipaka ni mifinyu, jibu la "hapana" lina thamani: vitamini zile hazipunguzi vifo kwa robo, hilo tumelifuta. Jaribio la watu 120 likisema "hapana" halijafuta kitu, limenyamaza tu.

Chaji 11%. Nazima, nitarudi kesho.

#14 Nesi wa Visiwani

Nimesoma yote kimya, sasa niseme na mimi. Ninyi mnaandika "wakipotea 10 kati ya 100" kama vile ni chumvi. Anayeiamua hiyo 10 ni mimi na wenzangu.

Kazi yangu ni kufuatilia wagonjwa wa utafiti. Nakwenda Ukerewe, Ukara, Kome, nimeshafika mpaka Goziba. Kliniki ana jina la ukoo, kambini anaitwa kwa jina la utani, na simu aliyoandikisha ni ya mwenye mtumbwi ambaye walishagombana. Nashuka meli Nansio, napanda bodaboda, napanda mtumbwi, nafika naambiwa "huyo kahamia Irugwa wiki iliyopita, samaki wamehama". Wavuvi hawatoroki utafiti, wanafuata riziki.

Mambo mawili niliyojifunza. Kwanza, siku ya ridhaa, kabla hajasaini, namuuliza: nikija kijijini kwako nikakuulizia, niseme mimi ni nani? Mmoja ataniambia sema wewe ni dada wa mke wangu. Mwingine, sema unanidai pesa ya nyavu. Naandika kwenye karatasi yangu. Siwezi kufika kambini nikauliza mtu kwa jina la CTC, kliniki ya VVU, nitamharibia maisha. Na namwomba majina matatu ya watu watakaojua kama yuko hai, mmoja lazima awe mwanamke asiyehama. Mama mkwe ni bora kuliko simu tatu.

Pili, alilosema Mama Furu. Naenda siku za mbalamwezi. Giza wako ziwani usiku kucha na mchana wamelala au wanaanika, hawataki maneno. Mwezi ukiwa mkubwa wapo wote, wanashona nyavu, wanacheza bao, wanaongea. Wasimamizi wangu walipanga ziara kwa kalenda ya ofisi, kila tarehe 15. Nikawaambia mwezi wa angani haujui tarehe 15.

Na sasa swali kwa Karabai, ukiwasha mashine. Huyo daktari wako kundi moja analipigia simu na kulitembelea, la pili haliguswi. Kifo cha kundi la kwanza atakijua wiki hiyo hiyo. Kifo cha kundi la pili nani atamwambia?

#15 jiwe_la_bismarck

Eeh. Hapo nyumba imetikisika kwenye msingi.

#16 Karabai

Nimerudi, umeme upo.

Dada Nesi, nimesoma swali lako mara tatu. Sikuliona. Nilikaa na yule kijana saa nzima nikimpigia hesabu za 247, na shimo hili lilikuwa katikati ya meza.

Wenzangu wasioelewa: kundi linalotembelewa vifo vyake vinaonekana vyote. Kundi la kawaida, mtu akifa kambini anaandikwa amepotea, anakatwa akiwa "hai". Kwa hiyo hata kama kutembelea kunaokoa watu kweli, kwenye karatasi kundi la kutembelewa linaweza kuonekana linakufa zaidi. Na hakuna kipimo cha logiranki wala modeli ya Cox ya 1972, hesabu tunazolinganishia makundi, itakayoliponya hilo, maana tatizo halimo kwenye hesabu. Ukiongeza watu mpaka 5,000 utapata jibu la uongo lenye mipaka mifinyu.

Dawa yake ni moja: kutafuta watu kuwe sawa. Miezi 12 ikitimia, kila mtu wa makundi yote mawili anatafutwa kwa nguvu ile ile, na mtafutaji asiyejua nani alikuwa kundi gani. Bajeti ya boti iandikwe kwenye protokali kabla ya bajeti ya simu.

#17 jiwe_la_bismarck

Swali la mwisho kabla sijarudi kwenye zege. Hiyo 0.70 unaichukulia kama iko vile vile mwaka mzima. Je kama kutembelea kunasaidia miezi miwili ya kwanza tu, halafu basi?

#18 Karabai

Basi 0.70 ni wastani wa vitu visivyofanana, na kanuni ya Schoenfeld inaanza kuyumba. Ngazi mbili zikikutana au kupishana, uwiano mmoja hauna maana. Kwenye hali hiyo mimi napendelea kulinganisha wastani wa siku za kuishi ndani ya miezi 12 ya kwanza: upande huu siku ngapi, upande ule siku ngapi. Hata mgonjwa anaelewa ukimwambia. Ila unaamua kabla, unaandika kwenye protokali, sio baada ya kuona ngazi.

#19 Resident Mpole

Wakuu, shikamooni. Mimi ndiye yule wa 120.

Kaka Karabai, soda niliiacha kwa sababu nilipigiwa simu ya wodini, sikukasirika. Kidogo tu.

Nimekaa na hesabu zenu siku mbili. Nimefikiria njia tatu, mnisaidie. Moja: badala ya miezi 12 nifuatilie 24. Kama hatari iko vile vile, mwisho watakuwa hai 49 na 61 kati ya 100, vifo wastani 45, kwa hiyo watu kama 550 badala ya 950. Mbili: badala ya kifo peke yake, nihesabu kifo au kulazwa tena, matukio yataongezeka. Tatu: niache.

#20 Karabai

Mdogo wangu, hesabu ya kwanza umeipiga sawasawa, na bado haitakusaidia. Umedhani hatari iko vile vile mwaka wa kwanza na wa pili. Wagonjwa wako wanatoka wodini hoi, wengi wa kufa watakufa miezi mitatu minne ya mwanzo. Anayefikisha miezi 12 ameshavuka. Mwaka wa pili utakupa vifo vichache na waliopotea wengi. Kwenye saratani inayokwenda polepole ningekuambia ongeza muda. Kwako, hapana.

Ya pili ina mtego. Ukimtembelea mtu nyumbani ukamkuta anahema vibaya, utafanya nini?

#21 Resident Mpole

Nitamrudisha hospitali.

#22 Karabai

Ndiyo. Kwa hiyo kundi lako zuri litalazwa zaidi, kwa sababu ni zuri. Vifo vinashuka, kulazwa kunapanda, ukivijumlisha kapu moja vinafutana. Usichanganye tukio baya na huduma nzuri.

#23 Nesi wa Visiwani

Hasa. Mimi nikifanya kazi vizuri wodi inajaa.

#24 Resident Mpole

Basi ni ya tatu, niache?

#25 Karabai

Usiache. Badilisha swali. 120 hawatoshi kujibu kama kutembelea kunaokoa maisha, ila wanatosha kabisa kujibu yale ambayo hakuna anayeyajua kabla ya jaribio kubwa. Kati ya wanaoruhusiwa wodini wangapi wanakubali kugawanywa kwa kura? Wangapi hali yao inajulikana baada ya miezi 12, kila upande? Kumtafuta mmoja kunagharimu boti ngapi? Kweli wanakufa 30 kati ya 100, au wewe umeitoa kwenye tasnifu ya mtu? Liandike waziwazi kama jaribio la maandalizi, na usitoe p ya vifo hata msimamizi wako akikubembeleza. Kibali cha maadili na ridhaa viko pale pale, udogo hausamehe. Kisha lile la watu 1,056 mnalifanya hospitali kadhaa kwa pamoja. Hamna hospitali moja itakayokupa vifo 247 kabla hujastaafu.

#26 Sangara Mbishi

Huyu dogo nimempenda. Hajabisha hata mara moja. Sio mtu wa kwetu.

#27 Resident Mpole

Ahsanteni wakuu. Nabadilisha kichwa cha habari leo usiku.

Dada Nesi, kuna wawili wa mazoezi niliokuwa nawafuatilia, mmoja simu haipatikani tangu mwezi uliopita, aliandikisha Ukara. Nataka nijifunze kwako kabla sijaandika sehemu ya ufuatiliaji. Naweza kwenda Jumamosi hii?

#28 Mama Furu

Jumamosi hii ni giza, mwanangu. Hutamkuta mtu.

#29 Nesi wa Visiwani

Mama kasema. Subiri siku kumi. Uje na koti, meli inaondoka mapema na ziwani kuna baridi. Na uniambie alikuambia useme wewe ni nani.

#30 Resident Mpole

Sikumuuliza.